Kuunda tarakilishi ya michezo ya kale inayobeba mifumo mitatu

MICHEZO mingi ya tarakilishi iliyovuma katika miaka ya tisini ingali mizima katika CD na diski zake, lakini mashine za kuichezea ndizo zilizotoweka. Anayetoa kabatini CD ya mchezo alioununua mwaka wa 1998 na kuitia katika tarakilishi ya leo huenda asione hata dirisha la kwanza la kuusakinisha, ilhali CD yenyewe haina mkwaruzo wowote. Sababu ni kwamba michezo mingi ya Windows ya wakati huo ilifungashwa kwa programu za usakinishaji zilizoandikwa kwa biti 16, na matoleo ya Windows ya biti 64 hayaziendeshi kabisa. Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, haina toleo jingine ila hilo la biti 64.

Pigo la pili lilitoka mahali ambapo wanunuzi hawakutarajia. Watengenezaji wengi walizikinga CD zao dhidi ya wezi wa nakala kwa mbinu iliyoitwa SafeDisc. Windows 10 ilipozinduliwa mwaka wa 2015 ilikuja bila programu ya kuiendesha kinga hiyo, na mnamo Septemba mwaka uo huo Microsoft ikaizima pia katika Windows Vista, 7 na 8 kwa sababu za kiusalama. Hivyo mwenye nakala halali, aliyeilipia kwa fedha zake, akajikuta amefungiwa nje na kinga iliyowekwa kumzuia mwizi.

Ukubwa wa hasara hii ulidhihirika mnamo Julai 2023, wakati wakfu wa Video Game History Foundation wa Marekani ulipochapisha uchunguzi kuhusu michezo ya kale, ya tarakilishi na ya mitambo mingine. Uligundua kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010 haiuzwi tena popote kwa njia halali. Kwa mingi ya michezo hiyo, nakala iliyo kabatini ndiyo nakala iliyobaki.

Wapo watakaosema kwamba programu za kuiga mashine za kale zinatosha, na hoja yao ina uzito. DOSBox, ambayo imekuwepo tangu mwaka wa 2002, huunda mashine ya kubuni ya DOS ndani ya tarakilishi ya kisasa na kuendesha maelfu ya michezo bila matata. Kwa anayetaka kucheza Prince of Persia jioni moja tu, hiyo ndiyo njia. Kuunda mashine nzima kwa ajili hiyo ni sawa na kuunda jahazi ili kuvuka mtaro. Taabu huanza kwa michezo iliyotoka kati ya mwaka wa 1996 na 2001, iliyotegemea kadi za picha ambazo hazitengenezwi tena, CD iliyokingwa na toleo mahususi la Windows. Hapo ndipo mashine halisi, inayoweza kuwaka kwa mfumo wowote kati ya kadhaa, inapostahili jasho lake.

Kwa nini mifumo mitatu

Mfumo wa MS-DOS ulianza safari yake mnamo Agosti 1981 pamoja na tarakilishi ya kwanza ya IBM ya matumizi ya kibinafsi. Toleo la 6.22, la mwaka wa 1994, ndilo la mwisho lililouzwa peke yake. Chini ya DOS, mchezo ukishaanza ulikuwa mtawala wa mashine yote: uliigusa kadi ya sauti, kadi ya picha na kumbukumbu moja kwa moja bila kuomba ruhusa. Doom, uliotoka Desemba 1993, ulizaliwa katika mazingira hayo.

Windows 95 ilikuja mnamo Agosti 1995, na baada yake Windows 98, ambayo toleo lake la pili la mwaka wa 1999 ndilo linalopendwa zaidi na wanaounda mashine za aina hii. Mifumo hiyo miwili ilikuwa na DOS chini yake, ikairuhusu michezo ya zamani kupumua. Windows 2000, ya Februari 2000, na Windows XP, ya Oktoba 2001, zilijengwa juu ya kiini tofauti kabisa, kile cha Windows NT, ambacho hakiruhusu programu ya kawaida kuvishika vifaa kwa mikono yake. Uthabiti ukaongezeka, lakini michezo ya DOS ikabaki bila sauti au ikakataa katakata kuanza.

Swali ambalo huzuka mara kwa mara ni ikiwa DOS 6.22 inahitajika kweli, maadamu Windows 98 ina DOS yake ndani. Kwa michezo mingi haihitajiki. Hata hivyo, Windows 3.11 haikubali kuendeshwa juu ya DOS ya Windows 98 bila kufanyiwa marekebisho, na ipo michezo ya mwanzoni mwa miaka ya tisini iliyoandikwa kwa ajili ya Windows hiyo. Anayeitaka hana budi kuitengea DOS 6.22 mahali pake. Ama kuhusu OS/2 Warp na BeOS, hizo ni za wadadisi. Michezo yake ni michache mno kustahili sehemu ya diski hapa.

XP nayo ingefaa zaidi kupewa mashine yake yenyewe. Michezo iliyotengenezwa kwa ajili yake inahitaji prosesa na kadi za picha za miaka ya baadaye, na kuilazimisha iishi na DOS katika mashine moja huwanyima wote wawili raha. Mpango unaofuata basi ni wa DOS 6.22 (pamoja na Windows 3.11 ndani yake), Windows 98 toleo la pili, na Windows 2000.

Ubao mkuu na kadi zake

Chaguo la ubao mkuu ndilo linaloamua mengine yote. Mbao zilizotumia chipu za Intel 440BX, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1998, zinasifiwa kwa sababu zilikaa mpakani mwa enzi mbili: zina matundu ya kadi za ISA, za PCI na la AGP kwa pamoja. Miaka michache baadaye tundu la ISA lilikuwa limetoweka katika mbao nyingi mpya.

Tundu hilo lina umuhimu kwa sababu ya sauti. Michezo ya DOS ilitarajia kuikuta kadi ya Sound Blaster, au inayofanana nayo, mahali maalumu: anwani ya 220, laini ya 5 au 7 ya kuiita prosesa, na njia ya kwanza ya kupitishia data. Kadi ya ISA kama Sound Blaster 16 ya mwaka wa 1992 hukaa pale pale. Kadi za PCI huiga tabia hiyo kwa msaada wa programu, na matokeo hutegemea bahati. Mchezo mmoja utaimba, wa pili utakuwa bubu na wa tatu utaigandisha mashine.

Pentium III ya megahezi 500, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka wa 1999, inatosha kabisa. Kumbukumbu ya megabaiti 256 inatosha pia, na hapa tamaa ina gharama yake. Windows 98 huanza kuyumba kumbukumbu inapozidi megabaiti 512, kwa sababu hifadhi yake ya muda ya faili hujitwalia nafasi kubwa kupita kiasi hadi mfumo ukadai kwamba kumbukumbu imekwisha. Dawa ni kuweka kikomo cha MaxFileCache ndani ya faili ya SYSTEM.INI, lakini ni rahisi zaidi kutomwita mgonjwa huyo nyumbani.

Kwa upande wa picha, jina linalotajwa kwa heshima ni 3dfx. Kadi zake za Voodoo, zilizoanza mwaka wa 1996, zilikuwa na lugha yao ya kuchorea iitwayo Glide, na michezo kama Unreal wa mwaka wa 1998 ilitengenezwa ikiitegemea. Kampuni hiyo ilikubali kuiuzia Nvidia mali yake mnamo Desemba 2000, na kadi zilizobaki zimekuwa bidhaa za wakusanyaji wenye mifuko mizito. Voodoo3 ya mwaka wa 1999 ndiyo inayofaa zaidi mpango huu, kwa kuwa huchora picha za kawaida na zile za pande tatu bila kuhitaji kadi nyingine. Anayeikosa asikate tamaa: TNT2 au GeForce 2 MX za Nvidia huendesha sehemu kubwa ya michezo ya Windows 98, na bei yake haitishi.

Humu nchini, mashine za kizazi hicho ziliingia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, zikaenea mashuleni, maofisini na katika saiba. Baadhi zingali zimelala stoo zikiwa na vumbi la miaka. Anayeipata moja asikimbilie kuichomeka ukutani.

Kabla ya kuiwasha

Hatari ya kwanza ni betri ya saa. Mbao za Pentium III hutumia betri bapa ya CR2032, ambayo hupatikana dukani na hubadilishwa kwa sekunde chache. Mbao nyingi za zama za 386 na 486 zilikuwa na betri ya mviringo iliyounganishwa kwa risasi, ambayo ikizeeka huvuja na kuula ubao polepole. Ikikutwa ingali mahali pake, ing'olewe siku hiyo hiyo, hata kama mashine haitumiki.

Ya pili ni kapasita. Zipo mbao nyingi zilizotengenezwa kati ya takriban mwaka wa 1999 na 2007 zikiwa na kapasita hafifu, ambazo huvimba kichwani au kutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Ubao wenye kapasita za namna hiyo unaweza kuwaka leo na kesho ukaharibu diski kwa kuipa umeme usiotulia. Fundi mwenye mkono mwepesi huzibadilisha kwa gharama ndogo.

Kisanduku cha umeme nacho kichunguzwe kwa mita kabla ya kuaminiwa. Visanduku vipya vya kisasa huelekeza nguvu nyingi katika laini ya volti 12, ilhali mbao za zamani hula zaidi katika volti 5 na 3.3, kisanduku chenye sifa kubwa kikaratasi kinaweza basi kulemewa na mashine ndogo. Katika mashine kongwe zaidi za aina ya AT, umeme huingia ubaoni kwa plagi mbili zinazofanana, na waya nyeusi za kila plagi lazima zikutane katikati. Kuzigeuza ni kuuchoma ubao mara moja, wala hakuna onyo. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo katika sehemu nyingi za Kenya, kifaa cha kuudhibiti kabla haujaingia mashineni si anasa.

Kiwambo cha kioo kizito cha zamani kina ladha yake, kwani michezo hiyo ilichorwa kikikusudiwa. Kisifunguliwe na asiye fundi wa televisheni. Ndani yake hukaa maelfu ya volti ambayo huweza kubaki hata baada ya plagi kung'olewa ukutani, na yanaweza kuua.

Ploti moja, wapangaji watatu

Sehemu ngumu ya kazi hii ni diski kuu. Kila mmoja wa mifumo hii ulitengenezwa na watu waliodhani kwamba utakuwa peke yake katika mashine, na kila mmoja una mipaka yake ya kuona.

Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuiamsha mashine, 64 zinazofuata ni orodha ya sehemu za diski, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila sehemu huhitaji baiti 16 katika orodha hiyo, na ndiyo maana diski haiwezi kuwa na sehemu kuu zaidi ya nne. Ukurasa huo mdogo ndio lango la ploti nzima. Ukiharibiwa, wapangaji wote wanakosa njia hata kama nyumba zao ziko salama.

DOS 6.22 hujua mpangilio wa FAT16 pekee, ambao sehemu yake haizidi gigabaiti 2, na haioni chochote kilicho zaidi ya takriban gigabaiti 8 za mwanzo za diski. Windows 98 huona FAT16 na FAT32, lakini NTFS ni giza kwake. Windows 2000 huona zote tatu. Kwa maneno mengine mdogo humwona mkubwa, naye mkubwa hamwoni mdogo, na asiyemwona jirani yake ni rahisi kumkanyaga.

Ukubwa wa diski wenyewe una mitego. Mbao kadhaa za mwishoni mwa miaka ya tisini hukwama zikikutana na diski ya zaidi ya gigabaiti 33.8. Windows 98 nayo, kwa programu zake za asili, huhesabu sekta kwa biti 28 na kuishia kwenye gigabaiti 137. Ikiandika kupita hapo haisemi kwamba nafasi imekwisha. Hesabu hurudi mwanzoni mwa diski, na data mpya huandikwa juu ya ile iliyokuwepo. Wapo waliopoteza kila kitu kwa kutia diski kubwa waliyoiona kuwa bahati nzuri.

Kwa sababu hizo, gigabaiti 32 zinatosha na ni salama. Wengi sasa hawatumii diski ya kuzunguka tena, ambayo kwa umri huu inaweza kufa bila taarifa, bali kadi ya CompactFlash iliyochomekwa kwa kiunganishi cha bei ndogo katika kebo ile ile ya IDE. Kadi hizo huzungumza lugha moja na diski za zamani, hivyo ubao hautambui tofauti. La kuangaliwa ni kadi iwe ya aina inayojitambulisha kama diski ya kudumu. Zinazojitambulisha kama za kutolewa huzua ubishi na Windows 2000 ambayo husoma sehemu ya kwanza tu.

Mgawanyo unaofaa ni huu: sehemu ya kwanza iwe chini kidogo ya gigabaiti 2, ya FAT16, kwa ajili ya DOS; ya pili gigabaiti 6 za FAT32 kwa Windows 98; ya tatu gigabaiti 6 za NTFS kwa Windows 2000; na nafasi inayobaki iwe ghala la FAT32 la michezo ambalo mifumo miwili ya Windows italitumia kwa pamoja. DOS haitaliona ghala hilo, lakini haina haja nalo. Doom wote haufikii megabaiti 20.

Mifumo yote mitatu hupenda kuitwa C. Suluhu ni programu ya kuchagua mfumo, mathalani XOSL au GRUB, ambayo huonyesha orodha mashine inapowashwa, kisha huzificha sehemu nyingine kabla ya kuuamsha mfumo uliochaguliwa. Kuzificha si muujiza: kila sehemu ina namba ya aina yake katika ile orodha ya baiti 64, na programu hubadilisha namba hiyo, kwa mfano 06 ikawa 16, hivyo DOS hupita bila kuitambua. Mfumo uliowaka hujiona uko peke yake, na ndivyo unavyopaswa kujiona.

Usakinishaji uanze na mfumo mkongwe na kumalizia na mchanga: DOS, kisha Windows 98, kisha Windows 2000, kila mara sehemu za wengine zikiwa zimefichwa. Sababu ni kwamba usakinishaji wa Windows huweza kuiandika upya sekta ya lango au kubadilisha sehemu inayoamshwa, bila kumuuliza mwenye nyumba. Mfumo mkongwe ukisakinishwa baada ya mchanga huweka lango lake lisilojua habari za aliyekuja baadaye. Programu ya kuchagua mfumo huwekwa mwisho, au hurudishwa kila baada ya hatua, na diski ya flopi ya kuirejesha iwe karibu.

Anayetaka kuongeza diski ya pili ajue kwamba DOS na Windows 98 hugawa herufi kwa utaratibu wao: kwanza sehemu kuu ya diski ya kwanza, kisha sehemu kuu ya diski ya pili, ndipo zije sehemu nyingine. Ghala lililokuwa D hugeuka E usiku mmoja, na kila mchezo uliosakinishwa hapo husema hauoni faili zake. Diski ya pili ikigawanywa bila sehemu kuu, herufi hubaki zilivyo. Aidha, SCANDISK na DEFRAG za DOS 6.22 zisitumiwe kamwe kwenye sehemu iliyoguswa na Windows mpya, kwani hazijui majina marefu ya faili na zinaweza kuyafuta.

Ipo njia nyingine ambayo haina fahari lakini ina amani. Kila mfumo upewe kadi yake ya CompactFlash, na kiunganishi kitokeze nyuma ya sanduku ili kadi ibadilishwe mashine ikiwa imezimwa. Hapo hakuna lango la kugombania, na mfumo mmoja ukiharibika haumwambukizi mwenzake. Kwa yeyote asiyependa kutunza orodha za sehemu za diski, hii ndiyo njia bora, na pengine ni bora kwa wengi wanaojidhania wataalamu.

Mwendo na kumbukumbu

Michezo ya miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini ilipima muda kwa kasi ya prosesa yenyewe. Wing Commander wa mwaka wa 1990 ukianzishwa kwenye Pentium III, vyombo vya angani huruka na kulipuka kabla ya mchezaji kugusa kibodi. Mashine nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha Turbo kwa ajili hiyo. Kukibonyeza kuliipunguza mashine mwendo. Kwenye Pentium III, mbinu iliyozoeleka ni kuingia katika mipangilio ya Bayosi na kuzima kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na mwendo hushuka hadi kukaribia ule wa 386. Mbao zinazopokea prosesa za AMD K6-2+ za mwaka wa 2000 zina neema zaidi, kwa kuwa kasi yake hubadilishwa kwa amri moja bila kuizima mashine.

Kuna programu ambazo hufa papo hapo zikitoa ujumbe wa kosa namba 200. Hizo ziliandikwa kwa Turbo Pascal ya kampuni ya Borland, ambayo mwanzoni mwa programu hupima kasi ya mashine kwa kugawanya hesabu. Prosesa ikiwa na kasi ya zaidi ya takriban megahezi 200, jibu la hesabu hiyo hulizidi chumba lililotengewa na programu hujiua. Wapenzi wa michezo wamesambaza viraka vidogo vya kuitibu.

DOS ina mpaka mwingine mashuhuri wa kilobaiti 640 za kumbukumbu ya kawaida, haidhuru mashine ina megabaiti ngapi. HIMEM.SYS na EMM386.EXE hufungua nafasi iliyo juu ya mpaka huo, lakini michezo haikubaliani kuhusu jinsi ya kuitumia. Ultima VII wa mwaka wa 1992 hukataa kuanza EMM386 ikiwa kazini, ilhali mingine huidai. Tangu DOS 6.0 ya mwaka wa 1993, faili ya CONFIG.SYS inaweza kuonyesha orodha ya mipangilio mashine inapowaka, na mchezaji akachagua. Mipangilio mitatu, yaani wenye EMM386, usio nayo, na mwepesi usio na kiendeshi cha CD, hutosheleza karibu michezo yote. Mstari wa SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6 huongezwa katika AUTOEXEC.BAT ili michezo ijue kadi ya sauti iko wapi. Namba hizo ni sharti zilingane na kadi ilivyopangwa, la sivyo sauti moja ya mlipuko hujirudia bila kikomo hadi mashine izimwe.

Leseni na mtandao

Umri haujafuta hakimiliki ya mifumo hii. Mnamo Aprili 2024 Microsoft iliweka hadharani msimbo wa MS-DOS 4.00 kwa leseni huru, baada ya matoleo ya 1.25 na 2.0 kutangulia, lakini 6.22 na Windows hazimo katika ukarimu huo. Asiye na nakala halali ana FreeDOS, mradi ulioanzishwa mwaka wa 1994, ambao ni wa bure, unasoma FAT32 na kuendesha sehemu kubwa ya michezo ya DOS. Windows 3.11 ndiyo humpa taabu.

Mashine hii isiunganishwe na intaneti. Windows 98 iliachwa bila marekebisho ya usalama tangu Julai 2006, na Windows 2000 tangu Julai 2010. Kirusi cha Blaster cha Agosti 2003 kiliingia katika Windows 2000 na XP bila mwenye mashine kubonyeza chochote; ilitosha kuwa mtandaoni. Faili ziletwe kwa CD au kwa kadi yenyewe ya CompactFlash iliyosomwa katika tarakilishi nyingine.

Kazi ikikamilika, na kabla ya kusakinisha mchezo wa kwanza, kadi itolewe na nakala yake kamili, sekta kwa sekta, itunzwe katika tarakilishi ya kisasa. Kwenye Linux amri ya dd hufanya hivyo. Nakala hiyo ya gigabaiti 32 hurudisha DOS, Windows 98 na Windows 2000 kama zilivyokuwa siku ya kwanza, hata kadi ya awali ikifa. CD za michezo nazo zinakiliwe wakati huo huo, kuanzia zile ambazo upande wake wa kung'aa umeanza kuonyesha matundu madogo zikielekezwa kwenye mwanga.